Taa ya Kijani Nyuma ya Kompyuta

Tone. Kimya. Tone tena.

Nililisikia nikiwa bado chini ya blanketi, saa kumi na mbili na nusu ya asubuhi ya Desemba, giza likiwa zito kama la usiku wa manane. Binti yangu Alli, miaka minne, alikuwa amelala kimshazari, nyayo zake zikinisukuma mbavu. Nikadhani ni bomba la jikoni. Nikavaa soksi za sufu, nikapapasa njia hadi jikoni, nikalikaza bomba kwa nguvu zangu zote. Tone likaendelea kudondoka mahali fulani, polepole, kama mtu anayehesabu bila haraka. Sikuwa na muda wa kulitafuta.

Siku hiyo nilikuwa na mtihani. Saa tatu kamili mwalimu Gunilla Backlund angenipigia kwa video kupitia kompyuta, anihoji kwa Kiswidi dakika ishirini. Kwetu Ufini humalizi sekondari bila Kiswidi, lugha ya pili ya taifa, hata kama unaishi msituni ambako Mswidi wa mwisho kuonekana alikuwa amepotea akichuma uyoga. Masomo mengine yote nilikwisha kuyamaliza katika shule ya jioni, Jumanne na Alhamisi, miaka mitatu, kilomita arobaini kwenda na arobaini kurudi. Kilibaki Kiswidi peke yake. Nikifaulu leo, cheti kinatoka kabla ya Krismasi na Januari naomba nafasi ya kusomea ualimu wa chekechea. Nikikosa, mtihani mwingine ni Mei, na chuo hakingojei mtu. Mwaka mzima ungepita tena.

Shule ilikuwa imeandika wazi: mtihani ufanyiwe kwenye kompyuta, uso na mikono vionekane. Hata bila masharti hayo, simu isingenisaidia. Nyumba yetu ya magogo iko bondeni, na simu hushika mtandao ukisimama kwenye ngazi za sauna tu, huko nje. Kipimajoto cha dirishani kilisema nyuzi kumi na nane chini ya sifuri.

Kwa hiyo ilibaki kompyuta ya marehemu baba mkwe wangu, Martti. Ni lisanduku la kijivu, zito kama gunia la viazi, la zamani kiasi kwamba halijui intaneti inayopita hewani. Linataka waya. Martti aliuvuta waya huo mwenyewe: kutoka kwenye kisanduku cha intaneti jikoni, ukapita juu ukutani kwenye ukumbi mwembamba wa mlangoni, akiuning'iniza kwa misumari, hadi kwenye chumba kidogo cha nyuma. Ulifanya kazi miaka kumi na mbili bila neno. Kisha, tangu Novemba, ukaanza visa. Asubuhi nyingine intaneti haipo kabisa. Ikifika saa sita mchana inarudi yenyewe, bila kuguswa, kama paka aliyetoka kutembea.

Mume wangu Jouni, anayeendesha gari la kusukuma theluji barabarani, alikuwa na jibu lake. "Si unaona inakatika siku za theluji tu? Theluji inalemea nyaya za nje." Fundi alikuja mara mbili, zote mbili alasiri, akakuta kila kitu kinafanya kazi, akanywa vikombe vitatu vya kahawa na kuondoka. Mama yake Jouni, Raili, alisema kompyuta ni kama magoti yake: yanahitaji kupashwa moto kwanza. Raili ndiye mwenye nyumba. Tangu Alli azaliwe sote tunamwita bibi, hata Jouni, mwanawe wa kumzaa.

Usiku wa kuamkia mtihani theluji ilikuwa imeanguka hadi kwenye vizingiti vya madirisha.

Niliiwasha kompyuta saa moja, maana inachukua robo saa kuamka. Nikapika uji wa shayiri, nikarudi, nikatazama pembeni mwa skrini. Msalaba mwekundu.

"Bibi!"

Raili alitoka chumbani kwake akiwa amesuka nywele, mashavu mekundu kwa baridi. Alikuwa ameamka tangu saa kumi na moja kusafisha njia ya mlangoni kwa sepetu, kama anavyofanya kila theluji inapoanguka. Ukimwambia apumzike anakuuliza kama umeshamwona amekufa.

"Bibi, umechomoa plagi jana usiku?"

"Plagi gani?"

"Ya intaneti. Unajua unavyochomoa vitu."

Ni kweli, huchomoa. Kila usiku kabla ya kulala huzunguka nyumba nzima akichomoa redio, birika, kibaniko cha mkate, taa ya dirishani, kwa sababu mwaka ambao Jouni alizaliwa nyumba ya jirani iliungua kwa pasi. Ndiyo maana mwezi uliopita nilibandika karatasi kwenye plagi ya kisanduku: USIGUSE.

Akaniongoza jikoni kama askari, akanyoosha kidole. Plagi ilikuwa mahali pake. Karatasi pia.

"Wiki tano," alisema, "wiki tano nimeipita barua yako kila usiku. Ndani ya nyumba yangu naandikiwa ukutani kama mbwa wa jirani. Nikaisoma, nikaiacha. Na bado ni mimi."

"Samahani, bibi."

"Kula uji kwanza, Milja. Mwenye njaa hawezi Kiswidi."

Sikula. Nilijiambia niende kwa utaratibu, kuanzia ukutani hadi mezani, nisiruke hatua. Taa za kisanduku zilikuwa zinawaka zote isipokuwa moja, ile ya tundu la waya unaokwenda kwenye kompyuta. Nikachomoa umeme, nikahesabu hadi thelathini, nikarudisha. Taa zikapepesa, zikatulia. Ileile moja, giza. Nikahamishia waya tundu la pili, kisha la tatu. Giza.

"Basi kisanduku ni kizima," nikasema. "Tatizo liko kwenye waya au kwenye kompyuta."

"Fundi alikunywa kahawa yangu yote na hakusema hata hilo," alisema Raili. Sauti ilikuwa imelainika kidogo.

Nikapita ukumbini kurudi chumba cha nyuma. Balbu ya hapo iliungua Jumapili na Jouni aliahidi kuibadilisha, kwa hiyo mtu hupita gizani akiinama tu, maana majira ya baridi ukumbi wetu huwa msitu wa sufu: kamba juu ya kamba, soksi, kofia, skafu, glavu, vyote vinakauka vikinuka kondoo. Kitu kibichi kikanigusa sikio. Nikakisukuma, nikaendelea.

Nikapiga magoti nyuma ya kompyuta na tochi mdomoni. Kando ya tundu la waya kuna kitaa kidogo kama punje ya mtama. Kilikuwa kimezimika. Nikakisukuma kichwa cha waya ndani.

Kijani!

"Imekuja!" nikapiga kelele, na tochi ikaanguka.

"Imekuja!" Raili akaitikia kutoka jikoni.

Kijani kikazimika.

"Imeondoka."

"Mbona imeondoka?"

Nikasukuma tena. Kijani. Moja, mbili, tatu, giza. Nikakishika kichwa cha waya kwa vidole, nikabana. Kijani kikabaki, na kwenye skrini msalaba mwekundu ukatoweka. Nikaachia, giza. Nikajua mara moja nusu ya sababu: kile kiulimi cha plastiki kinachofanya kichwa cha waya kishike kwenye tundu kilivunjika kiangazi, Jouni alipoihamisha meza. Tangu hapo kichwa cha waya kilikaa kwa hiari yake tu.

Alli akaja na nguo za kulalia, nywele zikiwa wima. "Mama, unatafuta panya?"

"Natafuta intaneti, mpenzi."

"Imeingia humo?"

"Ndiyo, lakini haitaki kukaa."

Raili alileta gundi ya karatasi. Haikushika. Akaleta plasta ya vidonda yenye picha za dubu, ya Alli. Ikashika dakika nzima, kisha ikabanduka taratibu, dubu mmoja mmoja. Tukafunga kwa uzi wa sufu. Tukabana kwa kamusi ya Kiswidi, na Raili akasema hatimaye kamusi hiyo imepata kazi inayoiweza. Kila mara kijani kilikuja na kila mara kiliondoka. Saa mbili na nusu.

"Kuna waya wa akiba," nikakumbuka. "Mfupi, wa bluu. Tutaihamishia kompyuta jikoni."

Raili akatazama dari.

"Bibi?"

"Ule wa bluu ni imara sana," alisema. "Haukatiki."

"Uko wapi?"

"Shambani. Umefunga njegere tangu Juni."

Shamba lilikuwa chini ya theluji ya kimo cha Alli. Nilicheka, nadhani, au nililia. Vilitoka kwa mlango mmoja. Nikakaa sakafuni nimeshika kichwa cha waya kwa vidole viwili. Nilifikiri: nitafanya mtihani hivi, mkono mmoja nyuma ya kompyuta. Lakini walitaka mikono yote ionekane, na uso. Nikiwa nyuma ya sanduku Gunilla angeona kiti.

"Nenda kwenye ngazi za sauna na simu," Raili alinong'ona. "Nitakufunika kwa mablanketi. Nitakushikia birika la kahawa."

"Hawaruhusu simu, bibi. Mtihani ni wa kompyuta."

Alikaa kwenye kiti changu, mikono mapajani. Huyu mwanamke aliacha shule akiwa na miaka kumi na tano ili akamue ng'ombe. Miezi mitatu alinihoji maneno ya Kiswidi kila jioni, yeye akifuma, mimi nikikunja nguo. Kiswidi hakijui hata kidogo. Aliyasoma maneno kwenye vikaratasi vyangu kama anavyoita majina ya ng'ombe zizini, kwa sauti ndefu na ya kubembeleza, na mimi nikajifunza yote, hata yale ambayo hakuna Mswidi angeyatambua.

Na hapo, kwa kuwa tulikuwa kimya, nikahisi kitu vidoleni. Waya ulikuwa unavutwa. Si kwa nguvu. Kidogo tu, mvuto mmoja usiokoma, kama vile samaki anavyoning'inia kwenye ndoana chini ya barafu akiwa amechoka kupigana. Nimekua kando ya ziwa. Vidole vyangu vinaujua mvuto huo.

"Bibi, kuna kitu upande wa pili."

"Upande wa pili wa nini?"

Sikuwahi kujibu. Ukumbini kulisikika kigoda kikiburutwa, kisha Alli akiguna, kisha *pwaa!*, kama mfuko wa uji ulioanguka, kisha *pwaa!* nyingine. Waya ukalegea mkononi mwangu. Nikauachia. Kijani kikabaki kinawaka. Moja, mbili, tatu, kumi.

"Alli!" Raili alikuwa ameshafika ukumbini. "Tazama ulichofanya! Glavu zote chini! Hizi ni za babu yako!"

"Nataka zangu nyekundu. Ziko chini ya za babu."

"Unasema, halafu unapewa. Hupandi kigoda na kuvuta kama mwizi wa nguo." Nikamsikia akiokota, akitundika.

Kijani kikazimika.

"Bibi!" nikapiga kelele. "Fanya tena!"

"Nifanye nini?"

"Ulichofanya sasa hivi!"

"Nimemkaripia mtoto."

"Siyo hicho! Kabla yake!"

"Kabla yake nilikuwa nimekaa kwenye kiti chako."

"Alli! Angusha tena!"

Nadhani ndiyo mara ya kwanza katika maisha yake aliambiwa hivyo. Kisha *pwaa*, kwa furaha kubwa, na kijani kikawaka.

Nilikimbia na tochi. Ukumbini, katikati ya kamba zote za sufu, kamba moja haikuwa kamba. Ilikuwa waya wa Martti. Umeshuka kutoka ukutani kama tumbo la ng'ombe mwenye mimba, msumari mmoja umeng'oka, na juu yake bado kulining'inia glavu moja ya kazi ya marehemu, ambayo siku hizi Raili huivaa akisafisha theluji, ya ngozi nje na sufu ndani, imelowa theluji ya asubuhi nzima, soksi nene, skafu, na kofia. Ncha ya glavu hiyo ilikuwa ikidondosha maji kwenye ubao wa sakafu. Tone. Kimya. Tone.

Raili alitazama waya, akanitazama mimi, akatazama waya.

"Kamba zilijaa," alisema. "Tangu Novemba Alli alipoanza kutoka nami na sepetu lake. Nikaona kamba moja haina kitu." Akakaa kwenye kigoda. "Asubuhi zinalowa, mchana zinakauka. Ni mimi, Milja. Wiki zote hizi ni mimi niliyekukatia masomo. Ulinilaumu kwa plagi, nikanuna, na kumbe..."

"Bibi."

"Ungebandika karatasi nyingine. Kwenye paji la uso wangu."

"Bibi, ni saa tatu kasoro dakika nane. Nishikie tochi."

Tuliziondoa zote. Alli alizipokea na kuzirundika kwenye beseni, safari hii kwa ruhusa. Lakini waya uliokuwa umevutwa wiki tano ulikuwa umelegea, na bila ule msumari ulishuka kwa uzito wake wenyewe. Kila uliposhuka, kijani kilipepesa. Hakukuwa na muda wa nyundo, na nyundo ilikuwa kwenye gari la Jouni. Raili akasimama, akaenda pembeni mwa mlango, akarudi na fimbo yake ya kutelezea kwenye theluji. Akauinua waya kwa ncha ya fimbo hadi juu kabisa, karibu na dari.

"Vipi huko?"

"Kijani," nikaita kutoka chumbani. "Kijani kabisa! Iegemeze hapo."

"Inateleza kwenye sakafu. Nitaishika."

"Dakika ishirini, bibi!"

"Nimewahi kushika ndama anayezaliwa saa mbili. Kaa ukazungumze Kiswidi."

Nilikaa. Niliona usoni mwangu kwenye skrini alama ya vumbi na plasta ya dubu iliyoganda kwenye nywele. Nikaitoa. Saa tatu kamili Gunilla Backlund akatokea, mwenye miwani mikubwa na mshumaa mezani, akanisalimu kwa Kiswidi, nikamjibu. Kijani, kijani, kijani.

Nilikuwa nimejiandaa kuzungumzia misitu na ndege wanaohama. Nilikuwa na sentensi kumi na mbili nzuri kuhusu korongo. Gunilla akatazama karatasi yake, akasema: nieleze asubuhi ilivyokuwa nyumbani kwako leo.

Korongo wote wakaruka wakaenda zao.

Nikashusha pumzi. Kisha nikaanza: kulikuwa na tone la maji gizani. Nikasema theluji, nikasema sepetu, nikasema glavu za baba mkwe wangu. Nilipokosa neno la kiulimi cha plastiki nikaonyesha ulimi wangu, na Gunilla akaniambia neno, nikalitumia mara tatu ili asidhani nimelisahau. Nikasema njegere. Nikasema bibi amesimama ukumbini sasa hivi na fimbo ya theluji, ndiye anayeishikilia intaneti. Nilisikia sauti yangu ikipanda na kushuka kwa wimbo wa kuita ng'ombe, kama Raili alivyonifundisha, na sikujali. Gunilla alivua miwani akafuta macho. Aliuliza maswali, nikajibu, nikakosea, nikajirekebisha, nikacheka kwa Kiswidi. Sikujua kwamba inawezekana.

Mwishoni akaandika kitu, akainua kichwa.

"Matokeo rasmi yatakuja kwa barua," alisema, sasa kwa Kifini, polepole. "Lakini sitaki ulale bila kujua. Umefaulu, Milja. Vizuri sana. Na umpe bibi salamu zangu."

Skrini ikarudi tupu. Dirishani giza lilikuwa limeanza kuwa buluu, na njia aliyoisafisha Raili ilionekana, imenyooka kutoka mlangoni hadi barabarani. Nilikaa. Niliweka mikono yote miwili mezani, kama nilivyoagizwa, na nikaanza kucheka peke yangu, na kuwaza Januari, na chumba chenye viti vidogo vya rangi, na ndoano ndogo ukutani, moja kwa kila mtoto, za kutundikia glavu. Sijui nilikaa hivyo muda gani. Labda dakika tano. Labda kumi.

Mlango ukafunguka kidogo. Alli akachungulia, amevaa glavu zake nyekundu juu ya nguo za kulalia, uso makini kama wa mjumbe aliyetoka mbali.

"Mama, bibi anauliza kama anaweza kushusha fimbo."